Babu Josiah wa Kuazima

Jumamosi, 1 Novemba
Baridi kali ya huku ughaibuni. Sijali. Nimepata njia! Shangazi Benedicta, aliyemlea Elinaza wangu, bado hajaikubali posa yangu. Eti hajui ukoo wangu. Na yule Erick wa kanisani anamnyemelea Elinaza, tena ana gari. Leo nilikwenda kwa shangazi, North York, kunywa chai. Katoa Biblia ya ukoo. Babu yao wa kwanza ni Mmarekani! Josiah, seremala wa meli, alishuka Pangani karne ya kumi na tisa, akaoa, hakurudi kwao. Shangazi anafuatilia maisha yake kwa vyeti vya ubatizo, picha na simu kwa wazee wa Tanga. Kimemshinda kitu kimoja tu: mtoto wa pili, Yakobo, aliondoka nyumbani akapotea. Kila akimtaja anafuta macho. Nikajiuliza, kwa nini Yakobo asiwe babu yangu?

Jumatatu, 3 Novemba
Thorncliffe Park, duka la mitumba. Nimenunua picha ya zamani ya mzee mwenye ndevu. Nimeipaka majani ya chai izeeke zaidi. Ikalowa. Nikaikausha kwenye oveni. Ndevu zimeungua kidogo. Safi!
Nimempigia mama Morogoro aniunge mkono. Kasema babu zake walilima mtama na hawakumkosea mtu, niwaache wapumzike. Mama hapendi maendeleo.

Jumamosi, 8 Novemba
Ushindi! Shangazi kaiona picha ya “babu yangu Yakobo”, kaangua kilio. Kanikumbatia hadi miwani ikapinda. Anasema pua ni ileile ya Josiah. Kaniandika kwenye Biblia, chini ya Yakobo, kwa wino. Erick alikuwepo, nilimtazama kwa huruma.
Nikaomba sasa tuzungumze posa. Shangazi akacheka, akanipiga begani, akauliza tangu lini mtu akamwoa dada yake. Kwao damu ni damu, hata vizazi vikipita saba. Nilikula sambusa, sikusikia ladha.

Jumapili, 9 Novemba
Elinaza kapiga simu. Picha ya mzee mwenye ndevu alishaiona dukani, kwenye rafu ya sufuria. “Nico, seriously?” Anasema twende pamoja kwa shangazi nikaseme ukweli, atanitetea. Anasema alinipenda mimi, hakumpenda babu yangu. Nimelia. Lakini ukweli! Na wino umeshakauka! Nimemwomba muda nifikirie.

Jumamosi, 15 Novemba
Washenga wa Erick wamekuja. Na nani kakalishwa mbele kuwapokea? Mimi, kaka wa binti! Shangazi anasema lazima upande wa Yakobo uwepo. Erick kaniamkia kwa adabu, kaniita shemeji. Shemeji!
Elinaza alisimama mlango wa jikoni, akinitazama. Alikuwa ananingoja niseme. Nilijua, na moyo uliniuma kweli. Nikasimama. Nikakohoa. Sebule nzima ikanigeukia. Nikaomba sukari.
Elinaza akainamisha kichwa. Alipoulizwa kuhusu posa, akasema atajibu Jumamosi ijayo.
Wiki nzima! Mungu si Athumani. Maana wakati nakoroga chai nilimwangalia Erick vizuri, hasa pua. Kesho nawahi Thorncliffe. Josiah alikuwa na mtoto wa tatu, na Erick naye anahitaji babu.