Ombi la Kuuhamishia Mwalo Kasulu Badala ya Binti Yangu

Ndugu Afisa Ustawi wa Jamii,

Pokea salamu za heshima kutoka nyumbani kwangu, Ujiji. Mimi ni yule baba wa Wema niliyefiwa na mke wangu Melania mwaka jana. Wiki iliyopita ulituita ofisini ukatueleza kwa upole kwamba Wema hana kosa, na nyumba yangu haina kosa, ila mwaloni, pale boti zinaposhusha dagaa, pana wanaume wanaowaharibu mabinti. Kwa hiyo Wema ahamie kwa shangazi yake Yusta, Kasulu. Nimelifikiria jambo hilo na nina malalamiko.

1. Mwenye kosa ni mwalo, anayehamishwa ni Wema. Naomba uhamishwe mwalo. Ulisema Kasulu ni kuzuri na mtoto atazoea. Basi mwalo nao utazoea, ingawa huko hakuna ziwa. Boti zitapanda lori. Dagaa wataelimishwa.

2. Mwalo haukuitwa ofisini. Benchi tulilikalia mimi na Wema, mwalo ukaendelea na biashara zake.

3. Umewaomba mama lishe wamwangalie Wema na kukuletea habari za kila anayecheka naye. Wanaifanya kazi hiyo vizuri mno, hata Wema ameacha kucheka. Thobias wa boti ya injini, anayewagawia mabinti chipsi na simu, hajawekewa hata mama lishe mmoja. Nilipokuuliza ulisema, "Mzee wangu, ushahidi hautoshi." Wa kumhamisha Wema ulitosha?

4. Mwalo ukikataa ushauri nasaha, liitwe ziwa lenyewe, maana ndilo mzazi wake. Najua ni kazi. Ziwa hili linalelewa na nchi nne, na kwa utaratibu wenu kila mlezi atatakiwa kuleta picha mbili za pasipoti na barua ya mtendaji.

Ndugu Afisa, mtoto huyu ndiye niliyebaki naye. Mama yake alikuwa akirudi kutoka mwaloni na magamba madogo ya dagaa yamemganda mikononi, Wema anayabandua moja moja ndipo tunakula. Akienda Kasulu, chakula nitakula na nani?

Nisalimie wote hapo ofisini, na yule mlinzi aliyetupa maji ya kunywa bila kutuuliza shida yetu.

Mlezi mwenzako,
Dismasi, baba Wema

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nimemsomea Wema barua hii. Akauliza gari la Kasulu linaondoka siku gani. Nikamwambia, "Kwani unataka kwenda?" Akasema, "Baba, Thobias ananingoja njiani kila nikitoka shule. Wewe na afisa mmebishana weee, mimi hakuna aliyeniuliza." Mwalo uacheni hapo ulipo. Naomba gari lije kesho.