Saketi Isiyokula Chochote

Huruma, Eldoret
9 Agosti 1987

Kwa Mzee Wanyonyi, Mkuu wa Kituo cha Kupima Unyevu wa Mahindi,

Na lile jambo nililoanza kukueleza juzi, kabla askari hajanifungia geti, ni hili: mume wangu Gerishon, fundi wako, ananipenda. Hilo si lalamiko. Tumeoana wiki sita, na bado nikisikia kengele ya baiskeli yake moyo unaruka. Lalamiko ni ile saketi ya umeme uliyomwagiza aunde, ya kupiga mapigo ghalani Sugoi miaka mitano kwa betri moja, ili mashine ijue saa ya kuamka ipime mahindi.

1. Gerishon huiita "huyu", kana kwamba ni mtu. Mimi Kiswahili nilikipasi vizuri kidato cha nne. Nimemsahihisha kwa upole, hata kwa busu. Haachi.

2. Kwa hiyo jana alipaza sauti kwa furaha: "Huyu hali kitu! Analala tu siku nzima!" Kuta za Huruma unazijua. Mama Habiba wa chumba cha pili alikuja mbio na sahani ya pilau. "Kula, mamangu. Wallahi, Gerishon, huna haya? Bibi wa wiki sita unamnyima chakula, halafu unatangaza?" Sasa ploti nzima, chumba kwa chumba, inaniletea uji.

3. Ameifungua saa yangu ya arusi, zawadi ya shangazi Waithira, akatoa kile kijiwe kinachotetema ndani, ili kiipigie saketi yake mapigo. Nilimsamehe kabla hajamaliza kuomba, kwa jinsi macho yake yalivyong'aa. Lakini saa imekufa.

4. Nikimwuliza upendo wake umefika wapi, ananijibu kuwa amefika maikroampea mbili, ndio umeme mdogo mno unaoliwa na saketi, na anatarajia kushuka zaidi.

Naomba basi, Mzee, utoe amri saketi iruhusiwe kula kama viumbe wengine, betri iishe kila wiki. Mke hawezi kushindana na kitu kisichoomba hata sukari.

Wasalimie wote ofisini, askari akiwemo.

Wako kwa heshima na furaha tele,
Wamucii wa Gerishon

Tanbihi: Nimemsomea Gerishon barua hii. Amecheka, kisha akauliza, "Na betri ikiisha kila wiki, mpenzi, nani atakuwa akilala Sugoi kuibadilisha?" Mzee, isile! Isile kabisa! Fanya iwe miaka kumi. Stempu nimeshabandika, siwezi kuiharibu, kwa hiyo barua itakufikia. Tafadhali usiifungue. Nitakuja kuichukua mwenyewe kabla mwezi haujaisha.