Ombi la Kuondoa Kisanduku cha Gereji Mezani Kwangu

Kwa Mzee Mwenye Gereji,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Sisi huku ni wazima, isipokuwa meza.

Mimi ni mke wa fundi wako wa umeme, yule uliyemkabidhi kisanduku cha kusikiliza magari ukamwambia kikiwaka kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi atapanda kuwa fundi wa kompyuta, kisipowaka atarudi kubadilisha oili. Naandika kwa heshima zote, mtoto akiwa mgongoni, kukuomba uje ukichukue. Sababu zangu ni hizi:

1. Kisanduku kimetwaa meza. Betri ya gari imekaa mahali pa sufuria, kompyuta mahali pa sahani, na sisi tunakula sakafuni kama wageni waliokuja bila taarifa. Waya mwekundu ameubana kwenye betri. Mweusi ameubana kwenye mguu wa meza, ule wa chuma, kwa sababu kwenye gari, anasema, mweusi hushika bodi, yaani chuma cha gari lenyewe. Wiki ya tatu hii sijafagia chini ya meza, maana ukigusa bodi umeharibu kazi.

2. Nimeelezwa, bila kuuliza, kwamba ndani ya gari injini, breki na taa huzungumza kupitia nyaya mbili zilizosokotwa kama nywele, na kazi ya kisanduku ni kusikiliza na kuiambia kompyuta nani analalamika. Ni jambo jema. Lakini Mzee, mtu anayetega sikio asikie breki inasema nini, hajasikia kwamba sabuni imekwisha tangu Jumatatu.

3. Kila jioni huinama chini ya meza na kuniuliza kama taa ya kijani ya kisanduku imewaka. Nami, mtoto ubavuni, hujibu: bado. Imewaka? Bado. Imewaka? Bado. Juzi mtoto ametamka neno lake la kwanza. Si mama, si baba. Ni "bado". Majirani wameshaanza kuniita Mama Bado, na mimi naitika.

4. Gari likikohoa mara moja tu, linachomekewa vifaa. Mimi nikisema kichwa kinaniuma naambiwa nijilaze kidogo. Nani atamshika mtoto, hakusemwa. Kwa hiyo kama kisanduku hakiondoki, naomba gereji inifungie na mimi soketi kama ile ya gari, hata nyuma ya sikio panatosha, mume wangu achomeke asome mwenyewe: njaa, usingizi, kiuno. Mtoto naye afungiwe ndogo, kwani analia bila kutaja kosa.

5. Soketi zikikosekana, basi kisanduku kiandikwe rasmi kuwa mtoto wetu wa pili, kipewe zamu ya kuoga, na wewe uliyetuletea uwe unakuja kukibembeleza.

Usimgombeze mume wangu. Ni mtu mwema, hajawahi kurudi nyumbani mikono mitupu, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Arudi tu kwenye oili. Oili naijua, inatoka kwa sabuni, siku tukiwa nayo.

Nisalimie mama watoto wako, mafundi wote, na yule wa rangi anayeimba.

Ni mimi mwanao,
Mama Bado

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nimeona nifagie, usije ukakuta vumbi. Nimeutoa waya mweusi mguuni mwa meza, na ili mtoto asiuvute nikaubana kwenye betri, penye alama ya kutoa, ukae karibu na mwenzake. Taa ya kijani ikawaka. Kumbe meza si gari, Mzee, mguu wake haujaunganishwa na betri, na hakuna aliyemwambia.

Tafadhali usije. Barua naituma kwa ajili ya namba nne tu. Mume wangu bado yuko kazini, hajui, nawe usimwambie. Nitaurudisha waya mguuni, na jioni nitainama naye nimwulize taratibu hii meza injini yake iko wapi, agundue mwenyewe. Shida ni moja: mtoto ameiona taa, na tangu hapo anazunguka nyumba nzima akisema, "Imewaka." Sijui nitamnyamazishaje mpaka baba yake arudi.