Uso wa Walii Si Ng'ombe wa Mnada

Kalla Godana,
Soko la Mifugo,
Garsen.

Kwa Daktari Mbodze Mwaro,
Mkuu wa Kliniki ya Ngozi anakofanya kazi Bishara,
Malindi.

KUH: KUTAKIWA NICHAGUE KATI YA KUJAZWA USO NA KUCHOMWA USO

Daktari Mheshimiwa,

Pokea salamu za mtu ambaye Mto Tana haujawahi kufurika bila kumpa taarifa kwanza. Sisemi hivi kwa kujisifu, ila ujue barua hii inatoka wapi. Mimi ndiye Kalla, dalali wa ng'ombe hapa Garsen. Ng'ombe wa kuanzia Bura mpaka Kipini wakisikia nimekohoa hupanga foleni wenyewe. Mkubwa mmoja wa serikali, jina lake namhifadhia, alipopita hapa alishusha kioo cha gari akaniuliza kama mvua itanyesha. Nilimwambia itamnyeshea, na ikamnyeshea. Shule niliacha darasa la tano, kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na maswali ya kuniuliza.

Sasa shauri lenyewe. Bishara, muuguzi wako, ni binti wa marehemu kaka yangu Nuh. Mwezi ujao anaolewa na kijana Rayyan wa huko Malindi. Kwetu Waislamu msichana huozwa na walii wake, yaani baba, na baba akiwa hayupo, wala babu wala kaka, ni ami. Ami mkubwa ni mimi. Nitakaa mbele ya shehe, nimshike bwana harusi mkono, nitamke maneno, picha ipigwe. Siku hiyo nimeingoja tangu msichana yule akiwa hawezi kufunga viatu vyake. Lakini kwa sababu ya kliniki yako, kazi hiyo imeanza kuniponyoka inaelekea kwa mdogo wangu Jibril. Ndiyo maana nimenunua kalamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ijumaa baada ya swala Bishara alikuja nyumbani akaweka karatasi ya kliniki yako juu ya mkeka, mbele ya mke wangu Abdia na mbele ya huyo Jibril. Akasema daktari wake ametoa zawadi ya harusi: ami atengenezwe uso kabla ya picha. Achague mwenyewe. Ama fila, ile sindano ya kujaza mashavu yaliyobonyea na makunyanzi, ama leza, ule mwanga unaochoma madoa na makovu mpaka ngozi iote upya. Hakuna aliyeniuliza kama nataka hata moja. Ni kama kumuuliza mtu apigwe teke na punda au na ngamia, halafu umwambie ashukuru kwa kupewa nafasi ya kuchagua. Abdia alisema nipewe zote mbili, na kama mnayo ya tatu ya kupunguza maneno, ianze hiyo.

Hata picha za kwenye karatasi yenyewe zinakushtaki, Daktari. Kuna mwanamume wa kabla na mwanamume wa baada. Yule wa kabla ningempa ng'ombe wangu anichungie mwaka mzima. Yule wa baada nisingempa hata kamba.

2. Kuhusu fila. Naomba usome pole pole hapa, maana ni elimu ambayo vyuo havina. Kuna wachuuzi wenye tabia mbaya, ambao ng'ombe akiwa amekonda, wanamlambisha chumvi nyingi mkesha wa mnada, halafu asubuhi wanamwachia maji. Anakunywa mpaka mbavu zinapotea. Akiingia uwanjani anang'aa, tumbo ngoma, mnunuzi anatabasamu. Akipelekwa kwa mnunuzi anakojoa safari nzima, na siku ya pili ni mifupa iliyovikwa ngozi. Hapa Garsen mtu akishikwa na mchezo huo anatolewa uwanjani, na anayemtoa ni mimi, kwa mkono huu. Sasa karatasi yako inasema wazi kwamba fila ikikaa miezi kadhaa inaisha, mtu anarudi alivyokuwa. Daktari, huyo si ng'ombe wa chumvi? Watu wa Rayyan waniangalie mashavu siku ya nikahi, wafurahi, halafu waje Idi wakute mbavu? Nitamtoa nani tena uwanjani, na mimi mwenyewe nimeingia nimejazwa?

3. Kuhusu leza. Sisi Orma kila ukoo una alama yake, inachomwa kwa chuma cha moto kwenye mwili wa ng'ombe ili akipotea ajulikane ni wa nani. Mtu akikutwa amechoma juu ya alama ili isisomeke, hatusemi amempendezesha ng'ombe. Tunaita polisi. Na mimi uso wangu una alama. Haya madoa meusi ni ya ukame ule mkubwa, nilipowatoa ng'ombe wa watu Chewele nikawaleta mtoni peke yangu, jua likiwa limeshuka mpaka kwenye kofia. Hili kovu la juu ya jicho ni mamba wa Ozi, ambaye nilimshika taya nikamshauri aondoke, na akaondoka. Abdia husema ni mlango wa choo, lakini Abdia hakuwa Ozi. Ukishafuta hayo yote, mimi ni wa nani? Nikipotea Bura, nani atanirudisha?

4. Amani ya nchi. Hili sikutaka kuligusa, lakini umenilazimisha. Wafugaji na wakulima wa hapa tunapokutana kuzungumzia ng'ombe walioingia shambani, upande wa wakulima anakaa Mwaringa, na upande wetu nakaa mimi. Mwaringa hasikilizi maneno yangu, kama alivyoniambia mwenyewe mara nyingi. Anaangalia paji la uso wangu. Mkunjo wa chini ukikaza, anajua nimekataa. Ukilegea, anajua nimekubali, anavaa viatu vyake anakwenda nyumbani. Mkiujaza mkunjo ule, Mwaringa atabaki amekaa. Akibaki amekaa, ng'ombe watabaki shambani. Mahindi yakiisha, watu watafunga barabara pale Minjila. Barabara ikifungwa, Lamu haili nyama. Lamu isipokula nyama, meli zitakuja bandarini zikute watu hawana nguvu ya kushusha mizigo, na nchi za nje zitauliza shida ilianzia wapi. Wataelekezwa kwako, Daktari. Mimi nitakutetea, lakini sitakuwa na uso wa kukutetea nao.

5. Jibril. Huyu ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, kwa hiyo nitasema ukweli bila chuki. Uso wake ni laini kwa sababu haujawahi kufanya kazi. Anauza soda dukani, chini ya feni, na akitaka kumfukuza nzi huita mtu. Siku ile ya karatasi alijipapasa shavu akasema, kwa sauti ya kusaidia, eti kama kaka haoni vizuri kupigwa picha, yeye hana shida kusimama. Kusimama! Mwaka wa mafuriko, Bishara alipochaguliwa shule ya bweni, nani alivuka maji na sanduku lake kichwani, na yeye mwenyewe mgongoni, na godoro nikilivuta kwa meno? Jibril alikuwa anahesabu vizibo.

6. Madhara niliyopata. Ili nisilalamikie kitu nisichokijua, niliamua kujipima. Sindano sina, ila chumvi ninayo. Jioni ya kuamkia mnada nililamba chumvi ya ng'ombe kipande cha haja, na alfajiri nikashusha maji mpaka Abdia akafunika pipa. Nikubali kwamba ilifanya kazi. Mashavu yalijaa. Tatizo ni kwamba hayakujua pa kuishia, yakaendelea mpaka kwenye macho, na nilipofika sokoni nilikuwa naiona dunia kama kupitia zipu iliyofunguliwa kidogo. Galgalo, mchuuzi wa Chewele ambaye niliwahi kumtoa uwanjani, alinizunguka mara moja, akanishika mbavu, akanivuta mdomo wa chini aangalie meno, halafu akawauliza watu huyu kaletwa na nani, na kama alipimwa kabla ya kunyweshwa au baada.

Hayo ningevumilia. Lakini siku hiyo hiyo ami yake Rayyan, mzee mpole sana, alikuwa ametoka Malindi kuja kumwona walii. Aliletwa mpaka sokoni. Mbele yake akakuta wanaume wawili, mmoja amevimba anausalimia mlingoti, na mwingine kanzu nyeupe, uso laini, ameshika soda. Akampa Jibril mkono akamwambia walii, tumefurahi kukuona. Na Jibril, Daktari, hakukataa. Alisema karibuni.

Bishara ndiye aliyenishika akanipeleka nyumbani. Akaniwekea kitambaa cha maji machoni. Nilingoja anicheke, hakucheka. Nilimuuliza kama uso wangu unamtia aibu mbele ya wakwe. Akasema, Ami, mimi sikusema uso wako ni mbaya. Ila nikiuangalia naona umechoka, na najua umechoka kwa ajili ya nani. Nilitaka siku moja tu watu wakuone umepumzika.

Sasa hilo ni neno gani la kumwambia mtu mzima aliyevimba macho? Hata machozi hayakuwa na pa kupitia. Hili pia naliweka kwenye hesabu ya kliniki yako.

Kwa hayo yote, ninaomba mambo yafuatayo, ambayo kwa daktari wa kiwango chako si makubwa:

Kwanza, uniandikie cheti chenye muhuri, kieleze kwamba uso wa Kalla Godana umekaguliwa, haukujazwa, haukuchomwa, alama zake zote ni za asili na zinasomeka. Nakala moja iende kwa ami yake Rayyan kabla ya harusi, pamoja na maelezo kwamba yule aliyevimba ndiye walii, na yule wa soda ni wa soda.

Pili, kama mashine yako inaweza kuondoa makunyanzi, basi bila shaka ina njia ya kurudi nyuma. Naomba Jibril aitwe atiwe makunyanzi. Si mengi. Mawili kwenye paji la uso na moja kila upande wa mdomo, akae kama mtu aliyewahi kuwaza. Hata mashavu yake ukitoa kidogo ukampa mwenye shida, mimi sitauliza yamekwenda kwa nani. Zawadi yangu ya harusi itumike kwake, naitoa kwa moyo mkunjufu, na mtu asiseme Kalla ni bahili.

Tatu, yule mwanamume wa kwenye karatasi arudishwe kama alivyokuwa. Ana mama.

Msimamo wangu mimi haubadiliki, na nimeuandika kwa wino ili usifutike: si fila, si leza. Nitakwenda kwenye nikahi hii na uso huu, na asiyeutaka aangalie kilemba.

Nisalimie wauguzi wote wa hapo, na mlinzi wa geti, maana mlinzi husahauliwa. Msalimie Rayyan akipita kumchukua mchumba wake, umwambie ng'ombe wa karamu nimewachagua kwa jicho langu mwenyewe kabla halijavimba, na hakuna hata mmoja aliyelamba chumvi. Wasalimie wazazi wako na watu wenu wote. Abdia anakusalimu na anauliza kuhusu ile ya tatu.

Ni mimi, katika ukweli na mikunjo yangu yote,

Kalla Godana
Walii.

Nyongeza: Daktari, barua hii ilikuwa imeshafungwa kwenye bahasha, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika la chai. Hapa niko peke yangu, kwa hiyo nitasema haraka. Mimi naogopa sindano. Si kidogo. Siku ya kuchanja ng'ombe huwa nashika ncha ya mwisho ya kamba na kuangalia upande mwingine, watu wanafikiri nahesabu. Nilipoona neno sindano kwenye karatasi yako sikusoma tena vizuri, na mengine yote niliyaandika ili nisifike hapo. Kama leza haina sindano, niandikie leza, Jumatano asubuhi, ila kovu la mamba liachwe. Na kama inayo, hata ile ndogo ya ganzi, nitakuja hivyo hivyo, mradi Bishara asipewe kazi nyingine saa hiyo. Anishike mkono, na Jibril asiambiwe.