Sketi ya Mgeni Kutoka Finland

Jamani, mwenzenu leo nimeaibika Handeni, tena kwa lugha mbili. Nimefika nyumbani Manundu, hapa Korogwe, sasa hivi, viatu sijavua. Naandika mapema kabla hamjasikia kwa watu wengine.

Shangazi yangu, Mwalimu Zawadi, anafundisha michezo kwenye sekondari moja Handeni (sauti yake haihitaji spika). Wiki iliyopita timu yake ya netiboli ilifungwa. Ilifungwa vibaya! Nahodha wao, Mwanahamisi, alianguka mbele ya goli, mpira ukamponyoka, uwanja mzima ukamcheka. Akasema yeye na netiboli basi. Wenzake nao wakaanza kukacha mazoezi.

Shangazi akasikia kuna dada wa Kifini, anaitwa Tuuli, amekuja Korogwe kumtembelea dada yake muuguzi. Akaambiwa huyo dada alikuwa mwanamichezo, ameshindana nchi nyingi. Simu yangu ikaita.

"Rehema, niletee huyo mgeni azungumze na wanangu. Wewe utatafsiri."

"Shikamoo shangazi. Lakini mimi Kiingereza..."

"Si ndicho unachofundisha tuisheni?"

Nikakubali. (Nafundisha watoto wa darasa la tatu. Tunaimba siku za wiki.)

Basi leo asubuhi tukapanda gari la Handeni, mimi na Tuuli. Mrefu, mpole, anacheka upesi. Njia nzima akawa ananieleza habari za mchezo wake. Kiingereza chake kina lafudhi ya kwao, changu kina lafudhi ya Manundu. Kila aliposema kitu, mimi "yesi, yesi" na kichwa juu. Ningeuliza swali moja tu! Niliona haya kuuliza tukiwa wawili. Nikaja kuumbuka tukiwa darasa zima.

Maana darasa lilijaa. Wasichana mbele. Mwanahamisi karibu na mlango, amekaa upande kama mtu anayesubiri kutoroka. Nyuma wazazi, na Mzee Mhando wa kamati ya shule, kofia mapajani.

Tuuli akaanza kuzungumza. Nikasikia "figa". Nikasikia "sketi". Nikasikia barafu. Hayo matatu niliyakamata vizuri kabisa.

"Mgeni wetu," nikasema kwa kujiamini, "alikuwa mshindani wa sketi za figa. Kwenye barafu."

Mama mmoja akajifunga khanga yake upya.

(Moyoni nilishajieleza: kwao ni baridi, maonyesho ya mavazi watayafanyia wapi kama si barafuni?)

"Alianza sketi akiwa na miaka minne," nikaendelea. "Mama yake alikuwa anamwamsha alfajiri, giza na baridi, anampeleka kwenye sketi."

"Miaka minne!" mama wa khanga akasema. "Na mama mzazi ndiye anayempeleka!"

Mara Tuuli akataja ekseli. Eti aliruka ekseli. Nikawaza ya lori au ya basi? Nikaiacha ipite. Mfasiri mzuri anajua cha kuacha.

Akaeleza kwamba mashindano yao yana siku mbili. Nikatafsiri: "Siku ya kwanza ni sketi fupi. Siku ya pili ni sketi ya bure."

"Hizo za bure wanagawa wapi?" msichana mmoja akauliza. Shangazi akamtazama, msichana akakaa sawa.

Hapo Tuuli akabadilika. Sauti ikashuka. Akaanza kueleza siku aliyoshiriki mashindano ya Ulaya kwa mara ya kwanza. Nikasikia sketi, nikasikia kuanguka, nikasikia maelfu ya watu. Jamani, machozi yakanilengalenga! Nikatafsiri kwa uchungu wote niliojaliwa:

"Siku hiyo, mbele ya maelfu ya watu, sketi yake ikaanguka."

Weee! Darasa likalipuka. "Mungu wangu!" "Yesu na Maria!" "Astaghfirullah!" Mzee Mhando akavaa kofia, akaivua, akasimama.

"Binti, hebu muulize mgeni wetu. Baada ya hapo alikimbilia wapi?"

Nikauliza. Nikajibiwa. "Anasema hakukimbia, mzee. Aliinuka, akaendelea mpaka muziki ulipokwisha. Watu wakasimama, wakampigia makofi."

"Wakapiga makofi!" Mzee Mhando akakaa chini polepole.

Mwanahamisi, ambaye hakuwa ametamka neno tangu asubuhi, akanyoosha mkono. "Dada, kwa hiyo aliendelea bila sketi?"

Nami nikamfikishia Tuuli swali hilo, lote, kama lilivyo.

Tuuli akanitazama. Akajitazama suruali. Akatazama wale akina mama. Halafu akatoa simu, akafungua video, akampa Mwanahamisi.

Tukajazana pale. Kwenye video yuko Tuuli, kijana zaidi, anateleza juu ya barafu kama maji yanayotiririka. Anaruka, anazunguka hewani, anashuka vibaya, anaanguka kwa nyonga. Puu! Anainuka. Nguo yake yote ipo mwilini, salama salimini.

"Siyo sketi!" Mwanahamisi akapiga kelele. "Ni kuteleza! Anateleza na viatu vyenye visu!" Kumbe "skate" ya Kiingereza ni kuteleza, na ekseli ni kule kuruka na kuzunguka hewani.

Macho yote kwangu. Ya shangazi sitaki kuyasimulia.

Tuuli akaniuliza kwa upole niliwaambia nini. Hapo ndipo nilipoiva kwa aibu. Mmewahi kutafsiri upuuzi wenu wenyewe, neno kwa neno, kwa mtu mliyemvua nguo mbele ya wazazi? Nilipofika kwenye sketi ya bure akashika ukuta. Nilipofika kwenye makofi akakaa sakafuni, anacheka mpaka hana sauti. Darasa zima likafuata. Mzee Mhando alicheka kofia ikiwa mdomoni. Nikatamani sakafu ipasuke. Ni ya saruji, ikagoma.

Walipotulia, Mwanahamisi akauliza, "Sasa ulishinda?"

Hili nililitafsiri vizuri (nilimwomba mgeni arudie mara mbili, haya ilikuwa imekwisha).

"Hapana," Tuuli akajibu. "Siku ile nilikuwa karibu na mkia. Baadaye nikaumia nyonga, msimu mzima sikushindana. Nikarudi, nikaanguka tena. Mpaka nikawa wa pili nchini kwetu. Ulaya sikuwahi kupata medali. Lakini mara ya mwisho nilimaliza bila kuanguka, nikalia kwa furaha."

"Ulipoanguka uliwaza nini?"

Tuuli akafikiri kidogo. "Nilisikia muziki unaendelea. Haukunisubiri. Nikaona afadhali niufuate."

Mwanahamisi akatikisa kichwa, akainuka, akatoka nje. Nikajua tumempoteza. Shangazi akashusha pumzi. Mara tukasikia sauti yake dirishani: "Mwalimu, mpira uko wapi?"

Wasichana wote wakatoka mbio. Tuuli akavua kandambili, akaingia kukaba, hajui sheria hata moja. Akaanguka kwenye vumbi jekundu, akainuka mwekundu. Mwanahamisi naye akaanguka, pale pale mbele ya goli. Uwanja ukacheka. Na yeye akacheka! Akainuka kabla vumbi halijatulia, akaomba mpira, akafunga. Shangazi alipiga ukelele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia.

Jumamosi wana mechi ya marudiano, na nahodha ni yule yule. Tuuli atakwenda kuwashangilia, na amesema hataki mfasiri mwingine zaidi yangu, kwa sababu katika miaka yake yote ya kushindana hajawahi kusikilizwa kwa makini namna ile.

Kwa hiyo chekeni leo mmalize. Jumamosi nipo kazini, nataka heshima yangu.