Mheshimiwa wa Mifereji Namba Nne

Jumatatu, 7 Aprili

Mara ya tatu nasoma somo la Serikali ya Taifa na ya Jimbo. Ya tatu! Wastani wangu ni sitini na nne. Kufaulu ni sabini. Nisipofaulu, chuo kikuu cha Lubbock hakinipokei Agosti, na Yesenia yuko Lubbock. Jana kwenye simu kasema ananipenda sana, ila hawezi kuwa mchumba wa mtu anayepigwa mwereka na Baraza la Seneti kila mwaka. Nikamjibu kwamba Lonnie Vrazel ana mpango. Sikuwa nao.

Leo mpango umekuja wenyewe! Daktari Threadgill, mwalimu wetu, katangaza alama sita za ziada, juu ya jumla ya mwisho, kwa mwananchi atakayesimama mbele ya serikali yoyote ya Texas, akaongea dakika tatu, karatasi yake ikatiwa saini. Mwisho Ijumaa, tarehe mbili Mei. Sitini na nne na sita! Nimejumlisha mara mbili kwa raha tu. Kagawa na karatasi ya masharti, ndefu, sikuisoma.

Brantley Oldenburg kanyoosha mkono kuuliza kama mwenye tisini na saba naye anaruhusiwa. Huyu Brantley hutembea na Katiba kwenye mfuko wa shati. Simpendi.

Jumanne, 8 Aprili

Darasa zima linakimbilia baraza la jiji. Wamelala. Foleni ya watu arobaini, kamera, na Brantley kiti cha mbele akisahihisha watu. Mimi natafuta serikali ndogo kuliko zote. Texas kila kitu kina serikali. Shule zina yake, hospitali ina yake, hata mbu wana yao. Nimechakura mpaka nimeipata: Wilaya ya Mifereji Namba Nne. Kazi yake ni kuhakikisha maji ya mvua yanateremka. Bodi viti vitatu. Hukutana Alhamisi ya pili ya mwezi, chumba cha nyuma, duka la vyakula vya mifugo la Mzee Delbert Hruska. Hahudhurii hata paka. Naingia, nabwabwaja dakika tatu, saini, natoka. Akili ninayo, jamani.

Alhamisi, 10 Aprili

Sina hakika kilichotokea.

Nilikuta wajumbe wawili: Mzee Hruska, kofia kichwani, na Bi. Wilma Noack, mwenye sahani ya kolache, vimkate vitamu vyenye jamu ya plamu. Kiti cha tatu kitupu, mwenyewe alishafariki. Nilipojitambulisha kuwa mwananchi, Bi. Noack alishika kifua. Kasema hawajamwona mwananchi tangu mwaka wa kimbunga, na yule alikuwa ameingia kutafuta choo.

Nikaanza. Sikuwa nimeandaa chochote. Nikayasifu maji. Nikasema yanateremka, na kuteremka ni jambo jema. Dakika ya kwanza na nusu Mzee Hruska akanikatiza, akauliza ninaishi wapi. Nikasema kwa mama, Barabara ya Kaunti 212. Nimejiandikisha kupiga kura? Ndiyo, bwana. Wakatazamana. Kumbe kujaza kile kiti kumekuwa kwenye ajenda kila kikao kwa miaka minne! Wakapiga kura. Mbili kwa sifuri. Karatasi zikaanza kupita mezani, wao wanasaini, mimi nasaini. Nikaambiwa ninyooshe mkono wa kulia, nikanyoosha. Nikaapa kuilinda Katiba ya Marekani na ya Texas. Halafu nikamalizia ile dakika moja na nusu iliyobaki, wakapiga makofi.

Saini ninayo. Kolache sita ninazo. Nadhani mimi pia ni serikali sasa. Nimerudi nyumbani naimba.

Jumatatu, 14 Aprili

Balaa! Daktari Threadgill kasoma karatasi yangu, kavua miwani, kacheka hadi kashika ukuta. Kasema nimeongea dakika moja na nusu kama mwananchi, na moja na nusu kama serikali ikijisemesha yenyewe. Hesabu haitimii. Nikasema basi kesho naenda kwingine. Kanionyesha sharti la sita: mwenye wadhifa wa umma haruhusiwi. Nijiuzulu kwanza.

Brantley kasimama darasa zima likisikia, kanipigia saluti. "Shikamoo, Mheshimiwa! Mvua ikinyesha tukupigie wewe au tumsumbue Gavana?" Wamecheka sana. Hata mimi, kidogo.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimempelekea Bi. Noack barua ya kujiuzulu. Kaipokea kwa upole, kanipa soseji, kasema, "Sawa mwanangu, tutakukosa. Ila huondoki mpaka mrithi wako aapishwe." Nikabisha. Kafungua droo, katoa Katiba ya Texas, Ibara ya Kumi na Sita, kifungu cha kumi na saba. Kweli! Afisa huendelea na kazi hadi mwenzake aingie. Nimekisoma mara nne nikitafuta mwanya. Hakuna.

Kisha kanikabidhi kizibao cha kung'aa cha bodi. Kinanikaa vizuri mno.

Jumanne, 22 Aprili

Cheo kina raha yake na kina Bi. Tidwell. Raha: nimeingia darasani na kizibao, watu wakanipisha mlangoni. Bi. Tidwell: mama mmoja wa Barabara ya Kaunti 209 anayepiga simu kila asubuhi kuhusu godoro lililokwama kwenye mfereji wake. Leo kauliza nilipigiwa kura na nani. Nikamwambia watu wawili. Kasema inaonekana.

Lakini nina mpango mpya, mtamu kuliko wa kwanza. Brantley! Shamba la baba yake limo ndani ya wilaya yetu, na kwa cheo atauza mpaka viatu. Nimemtafuta maktaba, nimemsifu, nimesema taifa linahitaji vichwa kama chake. Kawa mwekundu hadi masikioni. Kakubali kabla sijamaliza sentensi.

Kikao maalumu ni Alhamisi ya wiki ijayo, siku moja kabla ya mwisho. Brantley anaapishwa, mimi narudi kuwa mwananchi papo hapo, naongea dakika tatu, yeye mwenyewe ananitilia saini. Atanitilia saini kwa mkono wake! Nimecheka njia nzima.

Ijumaa, 25 Aprili

Mjumbe mpya ndiye hubandika tangazo la kikao kwenye ubao wa mahakama ya kaunti, siku za kutosha kabla. Sheria. Nimebandika mapema kabisa. Ila Bi. Tidwell huenda mahakamani kila Jumatatu kulalamika, na akiliona atakuja kutumalizia muda na godoro lake. Kwa hiyo nimelibandika chini ya bango la maonyesho ya nguruwe. Limebandikwa au halikubandikwa? Limebandikwa. Nimejipongeza kwa aiskrimu.

Alhamisi, 1 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Brantley kaja na suti, tai, na mama yake mwenye kamera. Mzee Hruska kafungua kikao. Nilikuwa nimeshasafisha koo. Ndipo Brantley akanyoosha mkono, uso umempauka. Kasema kapitia mahakamani kulipiga picha tangazo kwa kumbukumbu ya familia. Kalitafuta robo saa. Kalikuta chini ya nguruwe. Kasema tangazo lisiloonekana si tangazo, na kikao hiki si halali, hata kama kinamwapisha yeye. Machozi yalimlengalenga. Mjinga! Alikuwa mlangoni mwa ndoto yake, kaufunga mwenyewe!

Na Bi. Noack kakubaliana naye. Halafu katukumbusha kwamba wajumbe watatu wakizungumzia mifereji bila kikao halali, wanavunja sheria. Kwa hiyo tumekaa nusu saa tunakula kolache na kuongelea besiboli. Nje mvua inamwagika. Bi. Tidwell kapiga simu akipiga kelele kwamba godoro linaelea. Mzee Hruska kamwambia, kwa masikitiko makubwa, kwamba sheria haimruhusu kulisikia hilo.

Ijumaa, 2 Mei

Siku ya mwisho imepita. Nimempigia Yesenia nikamweleza yote. Kauliza, kwa sauti ndogo, kwa nini sikuliacha tangazo lionekane tu. Nimelia kidogo, naandika ukweli.

Alhamisi, 8 Mei

Kikao cha kawaida. Tangazo, Brantley kalibandika mwenyewe, kwa rula. Kaapishwa. Nimemvalisha kizibao. Bi. Tidwell alikuwepo, akampokea hapohapo na habari za godoro.

Ijumaa, 9 Mei

Mtihani wa mwisho, robo ya alama zote! Swali kubwa: eleza mamlaka ya serikali ndogo yanavyotoka kwenye Katiba, viti vinavyojazwa, vikao vinavyotangazwa, na kiongozi anavyoondoka. Nilitazama dari nikashukuru. Nimeandika kurasa kumi na moja. Nimeomba daftari la pili! Mkono ulikuwa unakimbia wenyewe, hasira ikiufukuza. Brantley kachelewa dakika ishirini, Bi. Tidwell alimnasa kwenye maegesho.

Jumatano, 14 Mei

Tisini na mbili! Jumla sabini na moja! Nimefaulu! Yesenia kapiga yowe la furaha mpaka simu ikaniponyoka. Daktari Threadgill kaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba nimejifunza mengi mwezi huu kuliko miaka miwili, na anatumaini nimeona kwamba njia za mkato ndizo zilizonichosha.

Nimeona kinyume. Bila njia ya mkato ningetoa wapi kurasa kumi na moja?

Yesenia kasema Lubbock nitaanza na Historia ya Texas, nisome kiangazi hiki. Nimeshauliza. Mwalimu wa huko hutoa alama kwa kila makumbusho utakayotembelea, ukiwa na saini ya mlinzi. Nimeyapata madogo kuliko yote jimboni: makumbusho ya seng'enge, chumba kimoja, mlinzi mzee wa miaka themanini na sita anayetaka sana kustaafu. Naingia, saini, natoka. Dakika tatu.