Nimejiuzulu Uingereza Yangu

Jumatatu, 3 Novemba

Barua kutoka kwa kamati ya kijiji. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama, ya nne nimekaa. Wameninyang'anya kamba! Miaka kumi na tisa, kila Jumapili ya Kumbukumbu ya waliokufa vitani, mimi Wilfred Ogden ndiye ninayeshusha bendera mbele ya mnara wa mashujaa hapa Hebblewick, na ndiye ninayeipandisha tena baada ya dakika mbili za kimya. Mwaka huu kazi kapewa Surinder Bhamra wa duka la dawa.

Sababu? Eti mwaka jana niliipandisha juu chini. Kosa la upana wa kidole, maana ni mistari myeupe tu inayobadilika! Ni kweli bendera yetu ikigeuzwa hivyo ni ishara ya kuomba msaada, lakini nani anayajua hayo? Anayajua baharia mmoja mstaafu aliyekuwa akipita na mbwa wake. Alinigongea mlango kuuliza kuna hatari gani.

Aliyeandika barua ni mwenyekiti, Bi Philippa Garside. Ameomba radhi mara tano katika ukurasa mmoja. Ukweli usemwe, barua ni nzuri mno. Sijui nchi nyingine ambako mtu hupokonywa heshima yake kwa adabu namna hii.

Hata hivyo, uamuzi nimeshaufikia. Kama hivi ndivyo Uingereza inavyomtendea mtu wake, basi mimi nayo basi. Najiuzulu. Sio kwenye kamati, kwenye Uingereza yenyewe. Nimemwarifu mke wangu, Doreen. Kauliza kama ni kabla ya chakula au baada.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepiga simu serikalini. Dakika arobaini na saba za kusubiri, na muziki wa vinanda juu yake. Mwishowe akapokea mama mmoja, sauti ya Kiskoti, ya Glasgow kabisa. Nikamwambia nataka kuacha kuwa Mwingereza, tena leo. Hakushtuka. Akaniuliza nina uraia gani mwingine. Sina. Akasema basi haiwezekani, sheria hairuhusu mtu kubaki bila nchi, na akasema anasikitika. Nikasema nasikitika mimi kwa kumsumbua. Akasema hapana, ni yeye. Tukaendelea hivyo hadi nikasahau nilikuwa na hasira gani.

Kabla ya kukata akaniuliza kama kuna mtu wa kunitengenezea chai. Serikalini huko!

Nimekata simu nikiwa najivunia nchi vibaya sana. Ilinichukua saa nzima kurudi kwenye hasira.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango mpya. Natafuta nchi nyingine. Nimeanza na Emrys mwenye bucha, maana yeye ni mtu wa Wales na kila siku anatucheka. Nikamwuliza kwa siri kama wananipokea. Akanitazama kwa huruma. Akasema pasipoti yake na yangu ni pacha, mama mmoja baba mmoja.

Nikatangaza hapohapo buchani, mbele ya foleni ya watu tisa, kwamba kuanzia leo wasinihesabu kuwa mwenzao. Nilitegemea vilio. Mama mmoja akasema, “Aa, pole, mpenzi.” Mwingine akasema mvua inakuja. Basi!

Nikaona niwaonyeshe kwa vitendo. Mgeni hajui foleni, sivyo? Nikatoka nyuma, nikawapita wote tisa, nikasimama mbele kabisa na kuagiza soseji. Hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyenisukuma. Nyuma yangu mtu akakohoa, mara moja tu, taratibu.

Nilijikaza kama sekunde nne. Kisha shingo ikaanza kuwaka moto, miguu ikageuka yenyewe, nikarudi mwisho wa foleni huku nikiomba radhi kwa kila niliyempita. Kwingine kungekuwa na ngumi. Hapa kikohozi kimoja kinatosha kumnyoosha mtu mzima. Ustaarabu gani huu!

Soseji zilikuwa zimekwisha.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku ya pili bila chai, maana chai ni ya Waingereza. Nakunywa kahawa. Kichwa kinagonga kama nyundo. Pia nimejikataza kuzungumzia hali ya hewa, na mvua hii haijakatika tangu jana, kwa hiyo sina la kuongea na mtu yeyote.

Mchana nikapita mnarani, kwa bahati tu. Nilijificha nyuma ya mti kwa nusu saa, pia kwa bahati. Surinder alikuwa anajifunza kushusha na kupandisha, tena kwa kitambaa cha meza ili bendera isilowe. Akaniona. Akaniita, wala hakuuliza nafanya nini nyuma ya mti.

“Bwana Ogden, afadhali umekuja. Kamba hii wewe ndiye unayeijua. Nifunge fundo gani?”

Miaka thelathini na moja mama huyu yupo kijijini, na hajawahi kunipa dawa bila kuniuliza hali ya goti. Nilipaswa kumwonyesha fundo la kweli. Badala yake shetani kanishika mkono. Nikamfundisha fundo la uongo, lile linaloonekana imara na kufunguka lenyewe likivutwa mara mbili. Jumapili bendera itamwangukia kichwani mbele ya kijiji kizima, na kamati itanirudia kwa magoti.

Akanishukuru mara tatu. Akasema babu yake alikuwa askari katika vita ile ya pili ya dunia, akafia Italia, na ndiyo maana angependa asiharibu.

Nimekuja nyumbani nikanywa kahawa nyingine. Chungu.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua. Sili vizuri. Doreen kaniuliza nimemfanyia nini nani. Wanawake wana pua. Nikasema ni kahawa.

Mto umefika kwenye ukingo wa daraja.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika kwa penseli, kalamu zote zimelowa.

Saa kumi na mbili asubuhi mto ukaruka ukuta. Mtaa wetu ndio wa kwanza. Nilipofungua mlango nikaona maji ya kahawia yananikimbilia, na nyuma ya maji, watu. Kijiji kizima! Hakuna aliyewaita. Bi Garside, miaka sabini na minne, kavaa gambuti za marehemu mumewe, anaelekeza kwa mwavuli. Emrys kafunga bucha. Walijipanga mstari kutoka kanisani hadi kwetu, na viroba vya mchanga vikawa vinapita mkono kwa mkono. Kila kiroba na samahani yake. “Samahani, hiki kizito kidogo.” “Aa, samahani mimi, nimekukanyaga.” Nyumba inazama, watu wanaombana radhi!

Hakuna aliyekumbuka kwamba mimi nimejiuzulu. Au walikumbuka wakaona si wakati wake.

Surinder alikuja amelowa hadi kiunoni, mfuko wa dawa juu ya kichwa. Alishapita kwa wazee kumi na wawili. Kwetu alileta vidonge vya presha vya Doreen, kisha badala ya kuondoka akaingia stoo ya chini kunisaidia kuokoa vitu. Tukapandisha maboksi kumi na manne ya magazeti yangu ya zamani. Hakuuliza ni ya nini.

Kwenye boksi la kumi na tano nikashindwa. Nikamwambia yote. Nikasema lile fundo ni la uongo, nilitaka aaibike, na kama anataka kuniacha nizame humu chini ni haki yake.

Akacheka hadi akashika ukuta. “Mbona nilijua, Bwana Ogden! Baba yangu kaendesha lori na kufunga mizigo miaka thelathini. Mafundo nimeanza kuyafunga kabla ya viatu.”

Nikamwuliza kwa nini basi alinishukuru mara tatu. Akasema aliona nina siku mbaya, hakutaka kuniaibisha.

Jamani! Kumwona mtu anakutendea ubaya, ukajifanya hujaona, ukamshukuru, ili yeye asione haya! Huyu ndiye Mwingereza. Nimeikimbia Uingereza kwenye simu na buchani, kumbe ndiyo hii hapa, imesimama kwenye maji ya stoo yangu na boksi kichwani. Nikalia kidogo. Akajifanya hajaona hilo pia.

Saa tisa maji yakaanza kushuka. Nyumba imesalimika. Bi Garside akagawa chai kutoka sufuria la kanisa. Nimekunywa vikombe sita.

Jumapili, 9 Novemba

Tumekusanyika mnarani na matope yetu. Hakuna aliyekuwa na kiatu safi, hata kasisi. Tarumbeta ikalia, Surinder akashusha bendera, polepole, bila kutikisika. Dakika mbili. Nilisikia mto tu, na mtu akivuta kamasi. Mtu huyo alikuwa mimi. Kisha akaipandisha, na ilikuwa upande wake sahihi, nilikagua.

Baadaye nilingoja hotuba za kujisifu kuhusu jana. Hazikuja. Nikamgusia Emrys kwamba wameokoa mtaa mzima. Akasema, “Mchanga wenyewe ulikuwa unakaa bure tu,” akaenda zake kufagia bucha. Nilihisi kifua kitapasuka kwa fahari.

Nimemwambia Doreen kwamba nimefuta kujiuzulu kwangu. Kasema hakujua kuna mtu aliyekuwa amekubali.

Jumatatu, 10 Novemba

Sikulala kwa furaha. Nimeielewa nchi yangu hatimaye! Ukubwa wetu ni kutojisifu. Tunatenda, tunanyamaza, tunakwenda kufagia. Ni jambo zuri mno, na kosa lake ni moja tu: hakuna anayelisema!

Nalisema mimi. Tangu alfajiri nimeandika hotuba juu ya unyamavu wa Waingereza, kurasa kumi na nne, nitaisoma kwa kipaza sauti Jumamosi hii ukumbini. Aidha napendekeza jiwe kubwa pale darajani, mita mbili kwenda juu, lichongwe kwa herufi za dhahabu: HAPA WANAISHI WATU WASIOJISIFU. Chini yake jina langu, kama mwasisi. Dogo tu. La inchi nane.

Nimepita nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi. Watu walikuwa wanachota matope sebuleni, kwa hiyo niliwasomea kurasa tano za mwanzo hapohapo ili wasikatize kazi. Surinder alisikiliza huku akikausha rafu za dawa, akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Bi Garside ndiye aliyefurahi kupita wote. Alifumba macho kwa muda mrefu, akasema ni wazo la kuvutia sana, kisha akafunga mlango taratibu.

Hakusema hapana, basi kamati imekubali! Kesho asubuhi naenda kupima jiwe.